Wenye Akili Hawapigi Magoti

Nilikulia katika nyumba ambayo Mungu alikuwa na zamu. Alfajiri alikuwa wa mama, aliyeanza na Walutheri wa Bukoba akaishia kwenye kanisa la uamsho lenye spika kubwa kuliko madirisha yake. Krismasi, Pasaka na siku za mazishi alikuwa wa baba, Mkatoliki wa mapumziko. Katikati ya wiki alikuwa wa shangazi, dada yake baba, aliyefunga kila Jumatano na kutukumbusha kila Jumatano kwamba amefunga. Mimi nilirithi kutoka pande zote, na kama mtoto aliyenunuliwa viatu viwili vya mguu mmoja, nikaamua kutembea peku.

Tulihamia Kigali kutoka Tanzania nikiwa mdogo. Nyumbani kwetu Kicukiro Kiswahili hakikutoka. Kilibaki lugha ya kupika, ya kugombana na ya kusengenya. Kinyarwanda tulikijua, lakini kilikuwa cha shuleni na sokoni. Kilinunua nyanya, kilijibu mtihani, ila wazee wakianza kuzungumza kwa mafumbo tulicheka pale wengine walipocheka.

Chuoni nilisoma saikolojia, fani inayokufundisha kuwashuku ndugu zako kwa istilahi. Huko ndiko nilikokutana na dai ambalo lilikuwa likizunguka bwenini, kwenye mabishano ya baada ya chakula: kwamba akili ikizidi, magoti hukakamaa. Mtu mwenye akili nyingi hampigii Mungu magoti, hampigii kila kiongozi makofi, na hapangiwi na mtu alale na nani. Nililipenda dai hilo kama mtu anavyokipenda kioo kinachompunguza tumbo. Nilikuwa siamini, nilikuwa mbishi, na kuhusu lile la tatu nilikuwa na maoni huru kuliko matendo. Kwa hesabu nyepesi basi, nilikuwa na akili.

Nilipomaliza nikapata kazi Kiyovu, katika nyumba ya zamani iliyogeuzwa ofisi, ambako tulipima watu wanaoomba ajira. Unampa mtu karatasi yenye maumbo yaliyopangwa kwa safu, moja limeachwa wazi, naye anatafuta ni lipi linakaa pale. Ningefurahi kuandika kwamba kazi hiyo ilinithibitishia dai langu. Walikuja watu waliofanya ishara ya msalaba juu ya karatasi, wakaimaliza kabla chai yangu haijapoa. Akaja kijana mwenye ndevu za kufikiri, akaniambia dini ni usingizi wa wazee, kisha akaigeuza karatasi juu chini na umbo asilione. Kuhusu siasa ndiyo usiseme. Kigali ukimuuliza mtu maoni yake ya siasa atakujibu kwamba mambo yanakwenda vizuri, halafu atakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Hapo wajinga na werevu hupata alama sawa. Lakini mwenye nadharia ni kama mwenye mchumba mbaya. Anayajua yote na bado anamtetea.

Hali ilikuwa hiyo wakati kaka yangu, mpima ardhi, mtu mpole anayeweza kuongea nusu saa kuhusu mtaro, alipomleta mchumba nyumbani.

Alikuwa mhandisi wa maji. Wazazi wake walikulia Bujumbura kabla ya kurudi Rwanda, Wakatoliki wa kweli, wa rozari mfukoni, wakakaa Nyamirambo, juu kidogo ya Biryogo. Mama alimpenda kwa sababu alikula. Baba alimpenda kwa sababu alinyamaza taarifa ya habari ilipoanza. Mimi nilimletea karatasi ya maumbo.

"Wifi, ni mchezo tu," nikamwambia.

"Mchezo wa kazini kwako?"

"Ndiyo."

"Kaka yako aliufanya?"

"Aliufanya."

"Akapata ngapi?"

"Usimjibu," kaka akasema kutoka jikoni.

Aliimaliza huku akimenya chungwa. Kisha akagonga swali la mwisho kwa ukucha. "Hili lina majibu mawili. Aliyelitunga alisahau kwamba unaweza kulizungusha kwa kushoto pia."

Nikalitazama. Lilikuwa na majibu mawili. Tulikuwa tumelitumia muda wote niliokuwa pale ofisini, na bila shaka tulimnyima mtu kazi kwa sababu yake. Nilipokuwa bado nalizungusha kichwani, yeye alitazama saa, akanawa mikono, akasema anawahi misa ya jioni.

"Unaamini kweli?" nikamuuliza. "Yaani yote? Mpaka mkate na divai?"

"Naamini."

"Na akili yote hii?"

"Akili hii ndiyo inayoniambia kwamba misa ni saa kumi na moja na wewe unanichelewesha."

Nikampenda kuanzia hapo, jambo lililoniudhi. Nilikuwa sina dada. Nilikuwa na binamu wengi wa kunikubalia na wazazi wawili wa kunisamehe, lakini mtu wa kunikosoa karatasi yangu huku anakula chungwa sikuwa nimempata. Nilianza kutamani harusi kuliko kaka mwenyewe.

Kaka naye alikuwa na lake. Siku moja aliniita tukanywe chai Biryogo, kwenye kijia kimoja chembamba ambako meza hutolewa nje na mafundi cherehani hushona mlangoni ili wasipitwe na habari. Tuliagiza chai ya maziwa na chapati. Akazungumza kuhusu ng'ombe wa mahari, kuhusu ukumbi, kuhusu suti. Kisha akakunja chapati kama ramani.

"Mwaka wa pili huu," akasema, "na bado."

"Bado nini?"

Akamtazama fundi aliyekuwa mkabala nasi, akashusha sauti. "Bado. Mpaka kanisani."

"Hata kidogo?"

"Kidogo ndiyo nini? Hakuna kidogo. Mkono tu. Napewa mkono na baraka."

Nilicheka hadi fundi akainua kichwa. Kaka aliendelea kulalamika, kwa utaratibu, pointi baada ya pointi, kama anayesoma mipaka ya kiwanja mbele ya majirani. Alisema amezoea. Alisema sasa hata hesabu za mifereji anazifanya haraka kuliko zamani. Halafu akaniwekea mkono begani.

"Usimwambie mtu. Mama atafurahi kupita kiasi."

Nikaahidi, na ahadi yenyewe niliitimiza, kwa namna yangu. Jioni ileile, nikipanda mlima kurudi nyumbani, niliwarekodia binamu zangu ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la simu. Lilikuwa kundi la vijana, pamoja na shangazi, ambaye aliingizwa kwa sababu aliuliza kwa nini hayumo.

Nilisema hivi, nikihema kwa sababu ya mlima: "Ndugu zangu, nadharia imepata ajali. Mnajua msimamo wangu. Wenye akili hawapigi magoti wala makofi. Sasa wifi yetu mtarajiwa ana akili kutushinda sote, na anapiga magoti kila jioni. Tena mnajua kanuni ya tatu: mwenye akili hanunui kitanda bila kukilalia kwanza. Kwa hiyo ama wifi hana akili, ama yale magoti yana siri. Chagueni."

Jibu nilikuwa nalo, kaka alikuwa amenipa pamoja na chapati. Lakini nilikuwa nimeahidi kutolisema, na swali likiachwa wazi huchekesha zaidi. Binamu zangu walichagua, kwa vikaragosi vya kila rangi, na mimi nikalala vizuri.

Kulikuwa na kundi jingine, la kamati ya harusi, lenye watu wa pande zote mbili. Humo wakubwa walitumiana picha za mahema na baraka za asubuhi. Shangazi alikuwa amerekodi sala yake ya kufungua wiki kwenye kundi letu la vijana, chini ya ujumbe wangu, akataka kuipeleka huko. Kidole chake kikashika ujumbe wangu wa juu badala ya wake wa chini. Kisha akaiweka simu, akaenda kanisani.

Aliporudi, binamu mmoja alikuwa amempigia mpaka chaji ikakaribia kuisha. Shangazi akaufuta. Akaja kwetu akiwa ameushika mdomo wake kwa mkono.

"Labda hawakusikiliza," baba akasema.

"Sauti yangu hawasikilizagi," shangazi akasema, kwa matumaini.

Mama alinitazama tu. "Nimekusomesha," akasema, akarudi jikoni.

Tukasubiri. Hakuna aliyesema lolote. Na hapo ndipo mtu anapaswa kuijua Kigali. Hapa mtu akikugombeza usoni ujue ni mgeni au anakupenda sana. Wenyeji hukuuliza habari za kazi. Baba wa binti alikutana na baba yangu benki, wakasalimiana kwa mikono miwili. Mama wa binti alimpigia mama yangu, wakajadili rangi ya vitambaa. Wifi mwenyewe alipokuja alinipa shavu kama kawaida na kuniuliza kama tumeshalirekebisha lile swali. Kila siku iliyopita bila neno tuliichukua kuwa ushahidi kwamba hawakusikia. Mimi, niliyefundishwa chuoni kwamba ukimya si jibu, nilikuwa wa kwanza kuamini. Na kwa kuwa ndani ya familia yetu tulikubaliana kwamba jambo hilo halikutokea, hakuna aliyemweleza msemaji wetu.

Msemaji ni nini, lazima nieleze. Posa ya Rwanda, wenyewe wanaiita gusaba, huwa ni mchezo wa kuigiza ambao mwishoni watu huoana. Familia mbili huketi chini ya mahema, uso kwa uso. Binti amefichwa ndani. Kijana yupo lakini haongei. Hata wazazi hawaongei. Kila upande una mzee wake fasaha, siku hizi wa kukodiwa, mwenye fimbo na kipaza sauti, na hao wawili ndio wanaopambana. Msemaji wa upande wa binti huwarushia waombaji mashtaka: mlituibia ndama, babu yenu alipita kwetu bila kusalimia. Mashtaka yote ni ya kutunga, na msemaji wa waombaji haruhusiwi kukana hata moja. Akikana ameonyesha uchoyo na utovu wa adabu. Anatakiwa akiri, akiri kwa furaha na kwa nyongeza, halafu alipe faini, ambayo huwa kreti ya bia. Ni mahakama ambayo mshtakiwa hushinda kwa kukubali kosa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, kwenye bustani moja ya kukodi hapohapo Kicukiro. Msemaji wetu alikuwa bingwa. Tulimkodi kwa sababu sisi wa kutoka Tanzania hatukuwa na mzee wa kwetu anayeweza Kinyarwanda cha ng'ombe na mafumbo. Alikuwa na sauti ya redio na tumbo la mtu aliyeposea wengi.

Shtaka la kwanza lilikuwa kwamba babu yetu aliazima chungu kwao na hajakirudisha. Msemaji wetu akakiri: si chungu tu, hata mfuniko. Watu wakacheka. Kreti. La pili lilikuwa kwamba tumechelewa kwa sababu njiani tulikuwa bado tunajifunza Kinyarwanda. Akakiri: tena mwalimu alishuka garini njiani kwa kukata tamaa. Hapo hema la pili lilipasuka kwa kicheko, na letu likafuata nyuma kidogo, kwa sababu sisi mzaha ulitufikia kwa miguu.

Kisha msemaji wao akaishusha fimbo. Akageuka kumtazama baba wa binti, mzee mwembamba aliyekuwa karani wa posta na sasa anafundisha katekisimu parokiani. Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Tumesikia," msemaji wao akasema polepole, "kwamba kwenu kuna mtu asemaye kuwa wanaopiga magoti hawana akili. Sisi hapa tunapiga magoti. Na tumesikia mtu huyo akisema kwamba kitanda hulaliwa kabla ya kununuliwa. Ndipo tunauliza, enyi wageni wetu: mmekuja kuomba kitu, au mmekuja kuomba ruhusa ya kitu mlichokwisha chukua?"

Hapo nilielewa kila neno. Mama alinishika goti, si kwa upendo.

Msemaji wetu hakujua lolote. Kwake hilo lilikuwa shtaka la tatu, tena tamu kuliko yote. Akainua fimbo, akafungua kifua.

"Ni kweli tupu!" akasema. "Kwetu hata ng'ombe hawaijui Jumapili. Na kitanda tumekilalia, tukakipenda, ndiyo maana tumerudi na kundi zima hili la ng'ombe! Tutozeni faini, wazee, tutozeni, tumezoea!"

Upande wetu ulicheka. Baba yangu alicheka, kwa kuwa hakuwa ameelewa. Upande wa pili kicheko kilianza nyuma kabisa kwa vijana, kikaja mbele kikipungua, kikafa kabla ya kufika safu ya wazee.

Baba wa binti akasimama. Baba hasimami. Amekodi mtu ili asisimame. Akakichukua kipaza sauti mkononi mwa msemaji wake mwenyewe.

"Hilo halikuwa la mchezo," akasema.

Msemaji wetu aligeuka kumtafuta baba yangu. Baba yangu alikuwa anatazama maua ya mezani. Shangazi alianza kusali chini kwa chini, na haikuwa hata Jumatano. Kaka, katika vazi lake jeupe lililofungwa begani, alibaki wima kama kigingi, na nilimwona usoni kitu ambacho sikukiona hata alipofeli mtihani wa leseni. Alikuwa anaona hema linakunjwa, magari yanageuzwa, na yeye anarudi nyumbani na ng'ombe wake, ambao siku hizi huletwa kwa picha tu, na suti mbili.

"Nani alisema maneno yale?" mzee akauliza.

Hakuna aliyenyoosha kidole. Ila binamu zangu wote waliinama pembeni, huku na huku, kama mahindi mtu anapopita katikati, na mimi nikabaki njiani.

Nikasimama.

"Nitakuuliza kwa Kiswahili, binti," mzee akasema, "usije ukasema hukuelewa." Kiswahili chake cha Bujumbura kilikuwa kimenyooka kuliko mgongo wangu. "Ile sauti ni yako?"

"Ni yangu, mzee."

"Wewe unasali?"

"Sisali."

"Anasali kidogo," mama akasema nyuma yangu.

"Mama, sisali."

"Na sisi tunaosali hatuna akili."

"Nilisema hivyo. Kabla ya hapo nilimpima binti yako, akanishinda."

"Alikushinda sana?"

"Aliikosoa mpaka karatasi yenyewe."

Mtu mmoja katika safu ya wakwe akakohoa kwa fahari. Mzee hakukohoa.

"Donc, yaani, ulijua kwamba unayosema ni uongo."

"Haikuwa uongo, mzee. Ilikuwa nadharia."

"Tofauti iko wapi?"

"Nadharia husemwa na mtu aliyesoma."

Kuna aliyecheka, akajificha. Mzee alinitazama kwa muda, kama karani anayepima barua isiyo na stempu.

"Bon, sawa. La makofi ya viongozi sikuulizi. Hapa tunaye kiongozi wa mtaa, na amekuja kula." Kiongozi wa mtaa akatabasamu ndani ya glasi yake. "Nabaki na la tatu."

Akakisogeza kipaza sauti mdomoni. Alitafuta neno, na nilimwona akiyakataa moja baada ya jingine, katika lugha zote nne alizokuwa nazo. Ndipo nilipotambua kwamba Mungu hakuwa tatizo. Mtu anayefundisha watoto wa watu katekisimu amekwisha kukutana na wabishi wabaya kuliko mimi. Aliyekuwa amesimamishwa pale ni binti yake, mbele ya koo mbili na majirani, na msemaji wetu alikuwa ameshakiri kwa niaba yake.

"Kitanda," hatimaye akasema. "Mtu wenu amesema kimelaliwa."

"Mtu wetu hajui kitu, mzee. Alidhani ni mchezo."

"Nilidhani ni mchezo," msemaji wetu akasema kwa Kinyarwanda. Ilikuwa sentensi yake fupi kuliko zote siku ile.

"Yeye hajui," mzee akasema. "Wewe unajua?"

Nikamtazama kaka. Alitikisa kichwa, kidogo sana, macho yakinisihi. Nilijua anasihi nini. Alikuwa ananiomba nisimwaibishe, nisiimwage mbele ya watu siri ya mwanaume aliyenyimwa. Nikapima. Upande mmoja kulikuwa na aibu ya kaka, ambayo ingekwisha. Upande wa pili kulikuwa na jina la wifi, na mzee ambaye mkono wake ulikuwa unataka kumrudishia mtu kipaza sauti na kusema twende nyumbani. Binamu mmoja aliyekuwa karibu alininong'oneza, "Sema ulikuwa unatania, basi, kaa." Lakini utani ndio uliotufikisha pale.

"Najua," nikasema. "Hakijalaliwa. Kaka yangu analalamika, mwaka wa pili huu. Alinilalamikia Biryogo, tukinywa chai. Alisema hakuna kitu mpaka kanisani. Anapewa mkono na baraka."

Nyuma ya hema tulimsikia mpishi akigeuza nyama. Kisha bibi mmoja wa upande wao, bibi mzee sana, alitoa kicheko kimoja, cha mtu aliyeshiba, na kila kitu kikapasuka. Wakacheka wakwe, wakacheka wetu, akacheka mpiga picha akaharibu picha. Kaka akajifunika uso kwa pembe ya vazi lake.

Mzee alisubiri wamalize. Mabega yake yalikuwa yameshuka, yamerudi mahali pake.

"Ni kweli, mwanangu?" akamuuliza kaka.

Kaka alichukua muda. "Ndiyo, baba," akasema ndani ya kitambaa.

"Mwaka wa pili?"

"Ndiyo."

"Na ukaendelea kuja kwangu kila Jumapili."

"Ndiyo, baba."

Mzee akanigeukia. "Sasa wewe wa vipimo. Kwa nadharia yako, mwanaume wa namna hii ana akili au hana?"

"Sijui, mzee. Hatujawahi kumpata wa pili tumlinganishe."

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka bila sauti, meno ya mbele tu, kisha akamrudishia msemaji wake kipaza sauti na kuketi. Wasemaji wawili wakabaki na tatizo la kisheria. Mila ina faini ya kosa lililokiriwa, lakini haina ya kosa lililokiriwa kisha shahidi wa upande uleule akalikana. Walibishana kwa mafumbo, kwa raha zao, wakaafikiana kreti mbili, moja kwa kudanganya na moja kwa kudanganya vizuri. Ng'ombe wakatajwa kwa mashairi. Binti akatolewa.

Alitoka akiimbiwa, wasichana mbele na nyuma, yeye katikati katika mushanana, lile vazi la hariri linalofungwa bega moja, na kikapu mkononi. Alitembea kwa mwendo wa pole unaofundishwa kwa siku hiyo. Desturi ni kwamba bibi harusi akishatolewa anapita kuwakumbatia wakwe, mmoja mmoja, mikono ikishika viwiko. Akamkumbatia baba yangu. Akamkumbatia mama, aliyekuwa analia, na shangazi, aliyekuwa analia zaidi. Akanifikia mimi. Nilikuwa nimejiandaa kushukuriwa.

Aliweka shavu lake kwenye shavu langu.

"Asante, wifi," akaninong'oneza. "Umeniokoa. Lakini wewe unayeuliza kila kitu, mbona hilo hukuliuliza mara mbili?"

Akaniachia, akatabasamu kwa ajili ya mpiga picha, akaendelea na safu.

Nikamtafuta kaka kwa macho. Alikuwa ameinua kichwa juu kabisa, anaichunguza nguzo ya hema kama anayetaka kujua imesimama nyuzi ngapi. Nikakumbuka jinsi alivyolalamika siku ile kwa mpangilio, pointi baada ya pointi, kama mtu aliyefanya mazoezi. Alijua kwamba kukizuka maneno, mimi nitaulizwa. Katika familia yetu, mimi ndiye huulizwa. Na mimi nilisimama mbele ya koo mbili, nikatoa ushahidi kwa uso mkavu, kwa neno la mtu mmoja, mwanaume, aliyekuwa anakula chapati.

Niliketi. Nilitaka kucheka na nilitaka kumfuata mtu nimpige, sikujua nianze na nani. Wala sikujua niliweke wapi, jambo hili, katika nadharia: wifi mwenye akili kutushinda wote, anayesali kwa dhati, na ambaye kuhusu la tatu sasa sikujua lolote zaidi ya kwamba alijua kunyamaza. Labda alikuwa ananitania. Hilo pia liliwezekana, na sikuwa na njia ya kulipima.

Ng'ambo ya hema mzee alinyoosha mkono, akaniita. Nilivuka nyasi na kwenda. Alikuwa ameniwekea kiti pembeni yake, safu ya mbele, mahali ambapo upande wetu haukai. Akanimiminia bia yeye mwenyewe, polepole, glasi ikiwa imelazwa ili isitoe povu.

"Huyu," akawaambia wazee wenzake, "haamini kitu chochote. Lakini hasemi uongo. Nimemwona kwa macho yangu."

Wazee wakanipa mikono, mmoja baada ya mwingine. Mmoja akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwonyesha baba yangu, aliyekuwa bado anamuuliza jirani yake kilichotokea, nikanywa bia yangu, nikakaa hapo mpaka chakula kilipokuja.